Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Mifflin Gibbs, Mtafuta Dhahabu Aliyekuja Kuwa Hakimu

Wanaoandika makala za historia hapa Dar es Salaam, wawe wanafunzi wa Mlimani, watayarishaji wa vipindi vya redio au walimu wanaosimamia klabu za historia shuleni, wakifika kwa watu weusi wa Marekani wa karne ya 19 huishia kwenye majina mawili matatu ambayo kila mtu anayajua. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuandika maisha ya mtu ambaye wasomaji wengi wa Kiswahili hawajawahi kumsikia. Mifflin Wistar Gibbs alizaliwa Philadelphia tarehe 17 Aprili 1823, akafuata dhahabu California mwaka 1850 na British Columbia mwaka 1858, akachaguliwa kuwa hakimu wa jiji la Little Rock, Arkansas, mwaka 1873, na uzeeni akaja kuishi kwenye bahari yetu ya Hindi, akiwa balozi mdogo wa Marekani huko Tamatave, Madagaska, kuanzia 1898 hadi 1901. Nimemchagua yeye kwa sababu tawasifu yake na magazeti mengi ya wakati wake yanapatikana bure kwenye intaneti, hivyo mtu aliyekaa Temeke au Kimara anaweza kumwandika kwa uzito uleule kama aliyekaa California.

Uti wa mgongo wa habari

Jambo la kwanza, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama wasifu utasomeka, ni kuchagua uti wa mgongo wa habari. Dhahabu inavutia, na mwandishi anayeanza atatamani kuifuata tangu mwanzo hadi mwisho. Akifanya hivyo atakwama kwenye mwaka 1869, kwa kuwa baada ya hapo Gibbs hakuwa tena mtu wa miji ya dhahabu, ilhali alikuwa bado na zaidi ya miaka arobaini ya kuishi. Kinachopita katika maisha yake yote ni sheria: nani husikilizwa mbele ya mahakama, na nani hasikilizwi.

Anza basi na sheria yenyewe. Mwezi Aprili 1850, miezi michache kabla Gibbs hajashuka melini San Francisco, bunge la California lilipitisha sheria iliyomkataza mtu mweusi, chotara au mwenyeji wa asili kutoa ushahidi wa kumtetea au kumshtaki mzungu katika kesi ya jinai. Mwaka 1854 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaifanya sheria hiyo iwabane Wachina pia, ilipotengua hukumu ya mzungu aliyekuwa ametiwa hatiani kwa kumuua mchimbaji wa Kichina, kwa hoja kwamba mashahidi waliomtia hatiani walikuwa Wachina. Msomaji akishaielewa sheria hiyo, mpeleke kwenye duka la viatu ambalo Gibbs aliliendesha pamoja na mshirika wake, Peter Lester, na umweleze yaliyotokea humo. Mzungu aliyekuja kugombania jozi ya mabuti alimpiga Lester kwa fimbo nzito ndani ya duka lake mwenyewe. Lester angeinua mkono kujitetea angeweza kupigwa risasi, na Gibbs, aliyeyaona yote hayo kwa macho yake, kiapo chake kisingepokelewa na mahakama yoyote ya California.

Tukio hilo lipe nafasi ya kutosha, ukurasa mzima ikibidi, kwa sababu mtu aliyekatazwa kuwa shahidi siku ile ndiye atakayekaa, chini ya miaka ishirini na mitano baadaye, kwenye kiti cha mahakama akisikiliza ushahidi wa weupe na weusi. Usiutangaze uhusiano huo kwa maneno makubwa. Yaandike matukio yote mawili kwa utulivu na usahihi, na msomaji atauona mwenyewe.

Ukishachagua uti huo, utajua pia ni matukio gani ya miaka ya California yanastahili kuingia. Mwaka 1851 Gibbs na wenzake walitia saini tamko la kupinga kunyimwa haki za raia na kulichapisha gazetini. Mwaka 1855 watu weusi wa jimbo zima walikutana Sacramento, ajenda yao kuu ikiwa ni haki ya kutoa ushahidi, na kutokana na harakati hizo likazaliwa gazeti lao, Mirror of the Times. Mwaka 1857 Gibbs na Lester walikataa kulipa kodi ya kichwa, wakihoji kwa nini wasio na kura walipishwe kodi hiyo; bidhaa zao zikakamatwa ili zipigwe mnada, siku ya mnada ikafika, na watu waliokusanyika hawakutaja bei, hadi bidhaa zikarudishwa dukani. Wazee wetu waliijua kodi ya kichwa chini ya Mwingereza, kwa hiyo kisa hiki hakihitaji maelezo mengi mbele ya msomaji wa Kitanzania. Watu weusi walipata haki ya ushahidi California mwaka 1863, wakati Gibbs alikwisha kuondoka.

Rashi kwa msomaji anayezijua rashi

Msomaji wetu hahitaji kufundishwa rashi, yaani jinsi habari ya dhahabu inavyohamisha watu. Ameshasikia habari za Lupa na Chunya, anaijua Geita na Nyarugusu, na pengine ana ndugu aliyewahi kushuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, au kufunga matimba, mbao za kuzuia kuta zake. Tumia ujuzi huo, lakini eleza mahali ambapo California ilitofautiana na kwetu. Dhahabu iliyoonwa Coloma tarehe 24 Januari 1848 ilikuwa kwenye mchanga wa mto, na wachimbaji wa mwanzo waliosha mchanga kwa karai na kwa masanduku ya mbao, wakiwa wamesimama kwenye maji baridi. Katika miaka michache walifika watu wapatao 300,000. Gibbs alipofika mwaka 1850, baada ya kuvuka shingo ya nchi ya Panama, maeneo mepesi ya mitoni yalikuwa yameshagombaniwa, na mwaka huohuo jimbo likawatoza wachimbaji wa kigeni kodi ya dola 20 kwa mwezi.

Hapa kuna mtego. Anaitwa mtu wa rashi ya dhahabu, na ni kweli, lakini riziki yake hakuipata kwenye mchanga. Alikuwa amejifunza useremala tangu akiwa na umri wa miaka 16, na San Francisco alianza na kazi hiyo hadi mafundi wazungu walipogoma kufanya kazi pamoja naye. Akang'arisha viatu barabarani. Akaingia ubia wa duka la nguo. Kisha akaingia ubia na Lester na kuuza viatu na mabuti ya bei kubwa yaliyoagizwa kutoka mbali. Aliyekaa machimboni kwetu anafahamu kwamba mchimbaji anaweza kumaliza mwezi bila gramu moja, lakini bado atanunua mabuti, kamba, maji na sahani ya wali ya mama lishe. Gibbs aliielewa hesabu hiyo mapema kuliko wengi.

Aliitumia tena mwaka 1858, habari za dhahabu ya mto Fraser zilipofika San Francisco. Wengine walikimbilia mtoni. Yeye alipanda meli kwenda Victoria, kwenye kisiwa cha Vancouver, katika British Columbia ya leo, akiwa na shehena ya unga, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, mablanketi, sururu na makoleo, na bidhaa hizo zikauzika mara moja. Anasimulia kwamba alikuwa amesikia viwanja vya mji vinauzwa dola 100 kimoja, lakini bei ilikuwa imeshapaa, akanunua kiwanja chenye nyumba kwa dola 3,000, akiweka sehemu ndogo kwanza na kulipa iliyobaki baadaye. Duka la Lester na Gibbs likawa mshindani wa Kampuni ya Hudson's Bay, ambayo kabla ya hapo ilikuwa imeishika biashara yote ya eneo hilo.

Usieleze safari ya Victoria kwa faida peke yake. Mwaka huohuo wa 1858 mahakama za California zilikuwa zimeshughulika na kesi ya Archy Lee, kijana aliyeletwa na bwana wake kwenye jimbo lisiloruhusu utumwa, ambaye Mahakama ya Juu iliamua arudishwe utumwani kabla ya kesi nyingine kumwacha huru. Weusi wengi walihama kwa sababu hiyo, na gavana aliyewapokea Victoria, James Douglas, alizaliwa Demerara na mama yake alikuwa na asili ya Kiafrika. Hata hivyo Victoria haikuwa pepo. Mwaka 1861 Gibbs, mkewe na wenzao walimwagiwa unga ukumbini wakiwa kwenye tamasha la kuchangia hospitali. Mwaka 1866, katika mji huohuo, alichaguliwa kuwa diwani wa kata ya James Bay. Ukiliacha moja kati ya hayo mawili, utakuwa umeandika nusu ya mji.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wa rashi hulisahau mara nyingi mno, nami naliona ni zito. Ardhi ile haikuwa tupu. Wenyeji wa asili wa California walikadiriwa kuwa watu 150,000 mwaka 1848, na kufikia 1870 walibaki kama 30,000. Kwenye korongo la mto Fraser, mwaka 1858, wachimbaji walipigana na watu wa Nlaka'pamux. Makaa ya mawe ambayo Gibbs alikwenda kuyasimamia mwaka 1869, akijenga reli ya kuyatoa mlimani hadi baharini, yalikuwa kwenye visiwa vya Wahaida, vinavyoitwa leo Haida Gwaii. Sisi tuliochukuliwa ardhi hatuna udhuru wa kuandika historia ya wengine kana kwamba waliochukuliwa yao hawakuwapo.

Kusoma tawasifu kama unavyosikiliza shahidi

Chanzo chako kikuu kitakuwa kitabu ambacho Gibbs alikiandika mwenyewe, Shadow and Light, kilichotoka Washington mwaka 1902 kikiwa na utangulizi wa Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi mashuhuri wa watu weusi wa Marekani. Kinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Gutenberg. Kipakue ukiwa mahali penye mtandao wa kuaminika, kisome mara ya kwanza bila kalamu, na mara ya pili ukiandika pembeni kila mwaka, kila mahali, kila jina na kila kiasi cha fedha.

Kisha kihoji. Gibbs alikuwa karibu na miaka themanini alipokichapisha, na alikuwa mwanasiasa wa chama cha Republican aliyekuwa na sababu za kuonekana alivyotaka kuonekana. Angalia anakonyamaza. Alimuoa Maria Ann Alexander mwaka 1859, wakazaa watoto watano, lakini Gibbs alipokwenda kuishi Arkansas, mkewe alibaki na watoto Oberlin, Ohio. Kitabu hakimpi mama huyo nafasi inayolingana na maisha aliyoyabeba. Wewe mpe. Binti wawili waliokulia Oberlin walifika mbali: Harriet alianzisha shule ya muziki mjini Washington mwaka 1903, na Ida alimsaidia W. E. B. Du Bois, msomi na mwanaharakati mweusi wa Marekani, katika mkutano wa Umajumui wa Afrika uliofanyika Paris mwaka 1919. Mfululizo wa mikutano hiyo ndio uliofika hapa kwetu mwezi Juni 1974, mkutano wa sita ulipofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sioni kwa nini mwandishi wa Dar es Salaam aliache jambo hilo liwe la tanbihi.

Kinyamazo kikubwa zaidi kinatokana na tarehe. Kitabu kilitoka 1902, na Gibbs alifariki tarehe 11 Julai 1915. Miaka 13 ya mwisho haimo. Ndani ya miaka hiyo alikuwa rais wa Benki ya Akiba ya Capital City mjini Little Rock, benki ya watu weusi iliyofunguliwa 1903 na kuanguka 1908 kukiwa na tuhuma za usimamizi mbovu, na mzee aliyewahi kuwa hakimu akajikuta upande wa wanaoshtakiwa. Anayeandika kwa kutegemea tawasifu peke yake hatayajua hayo, na wasifu wake utakuwa sifa tupu.

Ndiyo maana unahitaji magazeti. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni magazeti ya zamani ya majimbo mengi. California ina mkusanyiko wake, wenye gazeti la Alta. Na gazeti la Victoria lililoitwa British Colonist limewekwa tangu lilipoanza mwishoni mwa 1858. Tafuta kwa jina la Gibbs, kwa jina la Lester, na kwa tarehe za matukio, kwa sababu mashine zilizosoma kurasa hizo zilikosea herufi nyingi na jina linaweza kukosekana ilhali habari ipo. Kumbukumbu za mkutano wa Sacramento wa 1855 nazo zimechapishwa mtandaoni. Kwa vitabu vya historia ya Marekani vya kukupa picha ya jumla, anza na maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani au Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ukiwa na orodha yako ya miaka mkononi, ili muda wako uishe kwenye kusoma na si kwenye kutangatanga kati ya rafu.

Neno "wa kwanza" lichunge kuliko neno jingine lolote. Utakuta Gibbs akiitwa hakimu wa kwanza mweusi wa Marekani. Si hivyo. Jonathan Jasper Wright alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya South Carolina tangu 1870, akiwa amechaguliwa na bunge la jimbo hilo. Kinachosemwa kwa haki kuhusu Gibbs ni kwamba alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuwa hakimu wa jiji. Sifa hiyo inatosha, na haimnyang'anyi mwingine haki yake.

Kuifahamu mahakama yake

Gibbs aliingia kwenye sheria akiwa mtu mzima. Alisoma misingi yake Oberlin, akahamia Little Rock mwaka 1871, akaendelea kusoma katika ofisi ya mawakili, akakubaliwa kuwa wakili, na mwaka 1873 akawa mwanasheria wa kaunti ya Pulaski kabla ya kuchaguliwa hakimu mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 50. Mahakama yake ilishughulikia makosa ya mjini: ugomvi, wizi mdogo, ulevi, uvunjaji wa kanuni za jiji. Usimpandishe cheo. Kwa mpangilio wetu yuko karibu zaidi na hakimu wa mahakama ya mwanzo kuliko jaji wa Mahakama Kuu, na heshima ya kazi yake iko hapohapo, kwa sababu mahakama ya namna hiyo ndiyo ambayo watu wa kawaida hukutana nayo.

Ili uiandike vizuri, nenda ukaketi mahakamani. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Chagua asubuhi moja Kisutu, na nyingine kwenye mahakama ya mwanzo ya wilaya yako. Vaa kwa heshima, zima simu, usipige picha, na mwombe karani akuelekeze mahali pa kukaa. Tazama nani anaitwa kwanza, shahidi anasimama wapi, kiapo kinatolewaje, na hakimu anaandika wakati gani. Tofauti na ya Little Rock ni kubwa, na huruhusiwi kuhamisha hata kiti kimoja kutoka Kisutu hadi Arkansas ya 1873. Unachokwenda kujifunza ni uzito wa kiapo katika chumba kidogo, jambo ambalo hakuna kitabu kitakachokufundisha sawasawa.

Kwa upande wa siasa, eleza kwa kifupi kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1865, kwamba wanaume weusi wa Kusini walipata kura katika miaka iliyofuata, na kwamba kura hizo ndizo zilizowezesha uchaguzi wa 1873. Mwezi Aprili na Mei 1874 wafuasi wa Joseph Brooks na Elisha Baxter walipigana mjini Little Rock kugombania ugavana, na kabla ya mwaka kuisha chama cha Democrat kilikuwa kimerudi madarakani. Uhakimu wa Gibbs ulidumu muda mfupi tu. Mwaka 1877 Rais Hayes alimteua kuwa msajili wa ofisi ya ardhi ya serikali kuu hapo Little Rock.

Fedha na miaka

Chora jedwali lenye safu tatu: mwaka, tukio, na chanzo. Tukio lisilo na chanzo lisiingie kwenye maandishi hadi lipate. Jedwali hilo litakusaidia pia kunasa makosa. Kwa mfano, reli ya Panama ilikamilika mwaka 1855, kwa hiyo habari yoyote inayomvusha Gibbs kwa treni mwaka 1850 itupe.

Kwa fedha, usigeuze dola za 1850 kuwa shilingi za leo. Hesabu hiyo humpa msomaji namba kubwa isiyo na maana. Linganisha na vitu vya wakati uleule: bei rasmi ya wakia moja ya dhahabu ilikuwa dola 20.67, na vumbi la dhahabu machimboni lilipokelewa kwa dola kama 16 kwa wakia. Wakia hiyo ni gramu 31.1, na sonara yeyote wa mjini atakuonyesha gramu 31 zinavyoonekana kwenye mizani. Ukisema nyumba ya dola 3,000 ilikuwa sawa na karibu wakia 190 za vumbi la dhahabu, mtu wa Geita atakuelewa mara moja.

Madagaska na mwisho

Sura ya Tamatave, mji unaoitwa sasa Toamasina, usiifupishe. Ufaransa ilikuwa imeiteka Antananarivo mwaka 1895 na kumpeleka Malkia Ranavalona III uhamishoni mwaka 1897, mwaka uleule ambao Rais McKinley alimteua Gibbs. Mjukuu huyu wa bara letu, akiwa na umri wa miaka 74, alifika kwenye kisiwa cha Kiafrika kilichonyang'anywa uhuru karibuni, akiwa na jukumu la kulinda biashara ya Marekani mbele ya utawala wa Jenerali Gallieni. Soma kwa makini sura zake za huko, nukuu anachokiri na anachokisifia, na usimlazimishe kusema maneno ambayo sisi, baada ya Uhuru, tungependa angeyasema. Msaidizi wake, William Henry Hunt, ndiye aliyebaki kushika nafasi yake na ndiye aliyekuja kumuoa Ida.

Mswada ukikamilika, mpe asome mtu mmoja anayefanya kazi mahakamani na mwingine aliyewahi kuishi machimboni. Wa kwanza atakusahihisha kwenye kiapo, vyeo na utaratibu. Wa pili atakuambia ni wapi rashi yako haina vumbi. Baada ya marekebisho yao, rudi kwenye jedwali lako na upitie kila mwaka na kila kiasi cha fedha kwa mara nyingine, ukiwa na chanzo chenyewe mbele yako, kabla ya kuyapeleka maandishi kwa mhariri.